Kidonge cha usiku na tezi iliyo juu ya figo

Kila Agosti, viwanja vya Nanenane vya Nzuguni, mashariki mwa jiji la Dodoma, hujaa mifugo. Madume ya ng'ombe yaliyooshwa mpaka yakang'aa hufungwa mabandani, na wafugaji kutoka Kongwa, Bahi na Chamwino huyazunguka wakiyapima kwa macho: nundu, kifua, mapaja. Aliyewahi kuchinja anajua pia kilichomo ndani. Ukipasua mafuta yanayofunika figo utakuta, karibu na ncha yake, kinyama kidogo cha rangi ya kahawia ambacho buchani hakina bei. Ukikikata katikati kinaonyesha sehemu mbili, gamba la nje na kiini cha ndani. Hiyo ndiyo tezi ya adrenali. Binadamu anazo mbili, moja juu ya kila figo, na kila moja ina uzito wa gramu 4 au 5 hivi.

Ni tezi hiyo inayomwinua mfugaji kitandani kwa mkupuo fisi anapoingia zizini. Kiini chake humwaga adrenalini kwa muda wa sekunde chache: moyo unakwenda mbio, sukari inapanda kwenye damu, misuli inapata nguvu ambayo dakika moja kabla haikuwapo. Gamba lake hutoa kotisoli, homoni ya kazi ndefu zaidi, inayoshikilia shinikizo la damu na sukari mtu anapougua, anapoumia au anapokaa na njaa. Asiye na kotisoli anaweza kuuawa na homa ambayo jirani yake ataimaliza kwa kulala siku mbili.

Nzuguni hiyohiyo ndiko iliko stendi kuu ya mabasi ya Dodoma. Miongoni mwa abiria wanaoshuka hapo kutoka mikoa ya kati wapo wanaokwenda Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, na mifukoni mwa baadhi yao mna vidonge vidogo vya miligramu 30 vinavyomezwa usiku kabla ya kulala. Ni fenobabitoni, dawa ya kifafa ya jamii ya babitureti. Ilitengenezwa kwa ajili ya ubongo. Lakini inaifikia pia ile tezi iliyo juu ya figo, kwa njia ambazo watafiti walihitaji miongo kadhaa kuzifahamu. Historia ya jinsi hayo mawili yalivyokutana inapita Freiburg na Minnesota, inapita milima ya Mahenge, na sehemu yake kubwa imeandikwa kwenye madaftari ya zahanati.

Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, wakati wa Wajerumani. Miaka hiyo mahali pekee palipotengwa kwa wagonjwa wa akili katika koloni lao palikuwa Lutindi, kwenye milima ya Usambara, ambako wamisionari walikuwa wameanzisha makao ya watoto yatima waliookolewa utumwani mwaka 1896, kisha wakayageuza kuwa hospitali ya akili mwanzoni mwa karne ya 20. Waingereza walipochukua Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia walijenga hospitali yao Dodoma katika miaka ya 1920. Kwa Watanzania wengi jina la Mirembe limegeuka kejeli ya mtaani. Mtu akisema jambo lisiloeleweka anaambiwa apelekwe huko. Kejeli hiyo imewaumiza watu wengi, na wenye kifafa wameumia zaidi, maana kifafa si wazimu. Hata hivyo, katika hospitali za akili za makoloni, watu waliokuwa wakianguka kifafa walilazwa pamoja na waliochanganyikiwa, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuwapeleka.

Madaktari wa wakati huo walikuwa na nini mkononi? Walikuwa na bromaidi, chumvi iliyotumika kwa kifafa tangu mwaka 1857, ambayo iliwaachia wagonjwa vipele na akili nzito. Walikuwa na paraldehaidi, dawa ya maji yenye harufu kali inayojaa wodi nzima. Na walikuwa na babitureti.

Asidi ya babituriki ilitengenezwa mwaka 1864 na mkemia Mjerumani, Adolf von Baeyer, nayo yenyewe haikumlaza mtu. Mwaka 1903 Emil Fischer na Joseph von Mering walitoa dawa ya kwanza ya usingizi katika ukoo huo, Veronal. Mwaka 1912 kampuni ya Bayer ikaleta Luminal, jina la biashara la fenobabitoni. Mwaka huohuo daktari kijana wa Freiburg, Alfred Hauptmann, aliwapa wagonjwa wake wa kifafa dawa hiyo mpya ili walale. Alichokiona ni kwamba mchana pia waliacha kuanguka, au walianguka mara chache zaidi. Akaandika alichokiona. Ugunduzi huo ungetosha kumpa heshima maisha yake yote, lakini Hauptmann alikuwa Myahudi. Utawala wa Hitler ulimwondoa kwenye kiti chake cha uprofesa mwaka 1935, na mwaka 1938 akafungwa katika kambi ya Dachau. Alifanikiwa kukimbilia Marekani, akafia Boston mwaka 1948. Dawa aliyoitambua ilikuwa tayari imeenea duniani kote.

Fenobabitoni ilikuwa na sifa moja ambayo nchi maskini haziwezi kuipuuza: bei. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mgonjwa mmoja anaweza kutibiwa kwa takriban dola 5 za Marekani kwa mwaka. Dawa hukaa mwilini siku nyingi, hivyo dozi moja kwa siku inatosha, na anayetembea nusu siku kufika zahanati anaweza kuchukua ya mwezi mzima kwa safari moja.

Ushahidi mkubwa wa thamani hiyo Tanzania haukutoka Dodoma. Ulitoka Mahenge, wilayani Ulanga. Daktari kijana Mnorwei, Louise Aall, alifika Tanganyika mwaka 1959 na kufanya kazi karibu na misheni ya Kwiro, katika nchi ya Wapogoro. Alikuta watu wengi wenye kifafa kuliko alivyotarajia, na alikuta jinsi walivyoishi: wengine walikula peke yao, kwa vyombo vyao, kwa sababu iliaminika kuwa mate na povu la anayeanguka huambukiza. Wengi walikuwa na makovu makubwa ya moto. Mtu akiangukia mafiga, na waliopo wakiogopa kumgusa, moto humla mpaka fahamu zimrudie. Wengine walizama mtoni.

Mwaka 1960 alifungua kliniki ya kifafa, na fenobabitoni ikawa nguzo ya matibabu. Wagonjwa walifika kwa miguu. Aliandika pia juu ya watoto waliokuwa wakiinamisha kichwa mara kwa mara kama wanaosinzia wakiwa macho, hali ambayo miaka mingi baadaye ilitambuliwa Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda, na ambayo watafiti sasa wanaihusisha na minyoo ya usubi. Alichokiona Mahenge kilipuuzwa na wengi kwa miongo kadhaa. Ni miongoni mwa uvumbuzi muhimu wa kitabibu uliofanyika katika ardhi ya Tanzania, na unastahili kufundishwa katika kila chuo cha uuguzi nchini.

Daktari huyo aliondoka, akaolewa na daktari wa akili Wolfgang Jilek na kuhamia Kanada, lakini hakuwaacha wagonjwa wake. Mwaka 1992 yeye na daktari Mtanzania Henry Rwiza walichapisha matokeo ya kufuatilia wagonjwa 164 wa kliniki hiyo kwa miaka 30. Walipokuwa wakipata dawa, wengi wao kifafa kilikoma au kilipungua sana. Lakini baada ya miaka hiyo 30 zaidi ya nusu walikuwa wamefariki, na miongoni mwa sababu kulikuwa na kuzama, kuungua, na kifafa kisichokatika, yaani mshtuko unaofuatwa na mwingine kabla mgonjwa hajarudiwa na fahamu. Mwaka huohuo Rwiza na wenzake walionyesha kuwa Ulanga ilikuwa na watu kama 10 wenye kifafa katika kila watu 1,000. Mwaka uliofuata walichapisha mahojiano na wakuu wa kaya 3,256 vijijini: karibu 40% waliamini kifafa kinaambukiza, na takriban nusu tu ndio waliodhani dawa za hospitali zinaweza kusaidia.

Hicho kifafa kisichokatika ni mahali ambapo tezi ya adrenali inaingia kwenye hadithi kwa mara ya kwanza, nayo inaingia kwa kishindo. Ubongo unaposhikwa na mshtuko mkubwa, kiini cha tezi humwaga adrenalini na gamba lake humwaga kotisoli. Shinikizo la damu hupanda, sukari hupanda, moyo hukimbia hadi kuyumba. Mshtuko ukiendelea nusu saa na zaidi, mambo hugeuka: shinikizo linashuka, sukari inakwisha, joto la mwili linapanda. Kwa mgonjwa wa namna hiyo babitureti huituliza tezi kwa njia ndefu lakini ya uhakika, kwa kuuzima mshtuko unaoisukuma.

Lakini je, dawa hizo zina mkono wao wa moja kwa moja juu ya tezi? Ili kujibu swali hilo inabidi kurudi machinjioni.

Mwaka 1894 daktari Mwingereza George Oliver alimpelekea profesa Edward Schäfer wa London maji yaliyokamuliwa kutoka tezi za adrenali za wanyama. Schäfer aliyadunga kwenye mshipa wa mbwa, na shinikizo la damu likapanda kwa kiwango ambacho hakuna aliyekuwa amekiona. Mwaka 1901 Jokichi Takamine, Mjapani aliyeishi Marekani, alitangaza kuwa ameipata adrenalini ikiwa safi. Gamba la tezi lilichukua muda mrefu zaidi. Edward Kendall wa Mayo Clinic, Minnesota, alifanya kazi na shehena kubwa za tezi za ng'ombe kutoka machinjio ya Marekani ili kupata chembe chache za homoni. Mwaka 1948 mwenzake Philip Hench alimpa mojawapo ya homoni hizo mgonjwa aliyelemazwa na baridi yabisi, na kwa siku chache mgonjwa akatembea. Kendall, Hench na Tadeus Reichstein wa Uswisi walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1950. Dawa zinazojulikana leo katika kila hospitali ya wilaya, prednisoloni na deksamethasoni, ni watoto wa kazi hiyo.

Katikati ya miaka ya 1950 watafiti wa Marekani waliichunguza amri inayoiendesha tezi. Ilikwishajulikana kuwa amri ya gamba hutoka kwenye ubongo: haipothalamasi huiamsha tezi pituitari, pituitari humwaga homoni iitwayo ACTH, na ACTH ikifika juu ya figo, kotisoli hutoka. Panya waliolazwa kwa pentobabitali, babitureti nyingine, na kuongezewa mofini walikatiwa amri hiyo. Waliumizwa, lakini ACTH haikupanda kama kawaida. Tezi zenyewe zilikuwa nzima, na zilipodungwa ACTH kutoka nje ziliitika. Kwa hiyo hapo dawa ilikuwa imemnyamazisha mtoa amri, huku mtekelezaji akibaki mzima.

Kiini cha tezi kina mtoa amri tofauti. Chenyewe kinaamshwa na neva zinazoshuka kutoka uti wa mgongo, zinazomwaga kemikali ya asetilikolini juu ya seli zake; jambo hilo lilithibitishwa mwaka 1934 na kundi la Wilhelm Feldberg. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti walichukua tezi za ng'ombe zilizotoka machinjioni, wakapitisha maji ya chumvi katika mishipa yake ili ziendelee kuishi, kisha wakaziamsha kwa kemikali inayofanana na amri ya neva. Adrenalini ikatoka. Walipoongeza pentobabitali ilipungua. Hapa hapakuwa na ubongo wala neva iliyounganishwa. Dawa ilifanya kazi yake juu ya seli zenyewe, kwa kuzuia kipokezi cha asetilikolini na kupunguza kalisi inayoingia ndani ya seli, ambayo bila hiyo vifuko vya adrenalini havipasuki.

Mwaka 1985 Joachim Bormann na David Clapham walitoa sababu nyingine ya kushangaa. Kwenye seli za kiini cha tezi ya ng'ombe walikuta vipokezi vya GABA, kemikali ambayo ndani ya ubongo hufanya kazi ya breki. Ni vipokezi hivyohivyo ambavyo babitureti huvishika ubongoni, zikiiacha breki imekanyagwa kwa muda mrefu zaidi.

Ni muhimu kusema wazi kuwa majaribio hayo yalitumia viwango vya dawa vya nusukaputi. Kidonge cha miligramu 30 au 60 anachomeza mkulima wa Kongwa usiku hakifikii kiwango cha kuziba adrenalini. Mtu huyo akikutana na fisi bado atakimbia.

Njia ya tatu ndiyo inayowahusu wagonjwa wa kila siku, nayo inapitia kwenye ini. Mwishoni mwa miaka ya 1950 watafiti, akiwemo Herbert Remmer wa Ujerumani, waligundua kuwa mnyama aliyepewa fenobabitoni kwa siku kadhaa huanza kuzivunja dawa nyingine kwa kasi. Ini lake lilikuwa limeongeza vimeng'enya. Mwaka 1965 Sumner Burstein na Edward Klaiber walipima mkojo wa watu waliotumia fenobabitoni na kukuta mabaki ya kotisoli ya aina fulani yameongezeka. Maana yake ni kwamba homoni ya tezi nayo ilikuwa ikivunjwa upesi zaidi.

Kwa mwenye tezi nzima hilo halina madhara makubwa. Kotisoli ikipungua kwenye damu ubongo hutambua, ACTH huongezeka, tezi huzalisha zaidi, na mizani inarudi ilipokuwa. Tatizo linampata mtu ambaye hawezi kuongeza. Yupo anayeishi kwa vidonge vya prednisoloni kwa sababu ya pumu au ugonjwa mwingine, na tezi zake zimelala kwa kukosa kazi. Yupo ambaye tezi zake zimeharibika kabisa. Dozi ya watu hao imepimwa. Ini likianza kuila haraka, wanapungukiwa bila kujua kwa nini. Mwaka 1972 jarida la kitabibu la New England lilichapisha habari za wagonjwa wa pumu waliokuwa wakitegemea prednisoni, ambao hali zao zilizorota walipoongezewa fenobabitoni, na wakapata nafuu ilipoondolewa.

Habari hiyo ilikuwa na uchungu wake, kwa sababu miaka hiyo fenobabitoni ilitiwa ndani ya dawa za pumu zenyewe. Tedral ya Marekani na Franol ya Uingereza zilichanganya theofilini na efedrini za kufungua kifua, na fenobabitoni kidogo ya kutuliza wasiwasi ambao efedrini huleta. Mgonjwa alimeza kwa mkono mmoja dawa ya kumsaidia kupumua, na ndani yake mlikuwa na kitu kinachoweza kuidhoofisha dawa nyingine aliyoimeza kwa mkono wa pili.

Afrika Mashariki ina sababu yake ya kulijali jambo hili, nayo ni kifua kikuu. Thomas Addison, daktari wa Guy's Hospital, London, alipoandika mwaka 1855 juu ya wagonjwa 11 waliokonda, walioishiwa nguvu na ngozi zao kuwa nyeusi kwa namna ya ajabu, kifua kikuu kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyokuwa yamezila tezi zao za adrenali. Katika nchi tajiri sababu hiyo imebaki historia. Mahali ambapo kifua kikuu bado kipo, nayo ipo. Na dawa kuu ya kifua kikuu, rifampisini, ni mchochezi wa vimeng'enya vya ini mwenye nguvu zaidi hata kuliko fenobabitoni.

Tanzania ina nafasi ya pekee katika historia ya kupambana na ugonjwa huo. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, na daktari Karel Styblo aliutumia kujenga mfumo wa kumsimamia mgonjwa akimeza dawa, ambao baadaye ulienezwa duniani na Shirika la Afya Duniani. Hebu mfikirie basi mgonjwa wa kifafa wa Kanda ya Kati anayeugua kifua kikuu na kuanza rifampisini juu ya fenobabitoni aliyoizoea. Ini lake sasa lina wachochezi wawili. Kama tezi zake zimeguswa na ugonjwa na zinazalisha kwa shida, hapo ndipo uchovu, kichefuchefu na shinikizo la kushuka vinapoweza kumwangusha, na dalili hizo ni rahisi kuzihesabu kuwa uchovu wa kawaida wa dawa. Ni mgonjwa adimu. Lakini daktari asiyemfikiria hatamwona.

Wanawake wanalipata tatizo hilohilo kwa sura nyingine, na wao si adimu. Vimeng'enya vilevile huvunja homoni za vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango. Mwanamke anayetumia fenobabitoni anaweza kushika mimba akiwa na kipandikizi mkononi, na kosa si lake.

Katika vyumba vya upasuaji ukoo wa babitureti ulijipatia nafasi kubwa kuanzia mwaka 1934 kwa thiopentali, dawa ya mshipani iliyotoka katika maabara za kampuni ya Abbott na kujaribiwa kwa binadamu na Ralph Waters huko Wisconsin na John Lundy wa Mayo Clinic. Inalaza kwa sekunde zisizofika 60. Kwa mtu mwenye afya ni dawa nzuri. Kwa aliyepoteza damu nyingi ni hatari, maana shinikizo lake wakati huo linashikiliwa na adrenalini na neva zake, na thiopentali huvilegeza vyote viwili kwa pamoja. Hii ni sababu mojawapo ya ketamini, dawa nyingine ya nusukaputi, kupendwa sana katika hospitali za wilaya: yenyewe huziamsha neva hizo badala ya kuzilaza.

Madaktari walipotafuta dawa isiyoshusha shinikizo walipata etomideti, ambayo si babitureti. Mwaka 1983 Iain Ledingham na Ian Watt wa Glasgow waliripoti kuwa wagonjwa mahututi waliopewa etomideti kwa muda mrefu walikuwa wakifa kwa wingi kuliko waliotangulia. Ilibainika kuwa etomideti inakizuia kimeng'enya kinachotengeneza kotisoli ndani ya gamba lenyewe. Watafiti walipoilinganisha na thiopentali waliona kuwa thiopentali haizuii hivyo. Baada ya miaka karibu 50 ya kuitumia, madaktari walipata uthibitisho kuwa dawa yao ya zamani ilikuwa inaliacha gamba la tezi lifanye kazi yake mgonjwa anapopasuliwa.

Uhusiano huu una upande wa pili, na pengine ndio unaovutia kuliko yote. Mwaka 1941 mtafiti Hans Selye, aliyekuwa Montreal, aliwadunga panya kiasi kikubwa cha homoni za jamii ya steroidi, ikiwemo moja ya gamba la adrenali. Panya wakalala fofofo, kama waliopewa dawa ya usingizi. Haikueleweka kwa nini. Mwaka 1986 Maria Majewska na wenzake walionyesha katika jarida la Science kuwa mazao ya homoni hizo hukishika kile kipokezi cha GABA ubongoni na kufanya kazi inayofanana na ya babitureti. Mwili, kupitia tezi iliyo juu ya figo miongoni mwa nyingine, unajitengenezea mfano wa dawa ambayo wakemia wa Ujerumani walidhani wameibuni.

Kwenye hospitali za akili enzi ya babitureti ilififia baada ya mwaka 1952, Wafaransa walipoanza kuwatibu wagonjwa wa akili kwa klopromazini. Kama dawa za usingizi, babitureti zilishaonyesha ubaya wake: kipimo cha kulala na kipimo cha kufa viko karibu mno, na maelfu walikufa kwa kuzidisha. Nje ya vyumba vya upasuaji, fenobabitoni pekee ndiyo iliyobaki na kazi kubwa, kwa ajili ya kifafa. Iliingizwa katika orodha ya kwanza ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 1977. Huko Nakuru, Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 1991 uliwagawa wagonjwa 302 kati ya fenobabitoni na kabamazepini, dawa ya ghali zaidi, na haukukuta tofauti kubwa ya matokeo kati yake. Zaidi ya nusu ya waliomaliza mwaka walikuwa hawaanguki tena katika miezi sita ya mwisho.

Kinachoikwamisha dawa hii mara nyingi ni karatasi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 uliiweka katika orodha ya dawa zinazodhibitiwa, pamoja na jamaa zake zinazotumiwa kwa ulevi, hivyo kila shehena inahitaji vibali. Kibali kikichelewa, rafu inabaki tupu. Na fenobabitoni ikikatwa ghafla kwa mtu aliyeizoea, kifafa kinaweza kurudi kwa namna ile isiyokatika iliyowaua watu wa Mahenge. Kwa kipimo chochote, ukosefu wa dawa umeua wengi kuliko madhara yake juu ya homoni, na ni makosa kuyataja madhara hayo kwa namna itakayomfanya mgonjwa yeyote aache kumeza.

Mwaka 2022 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha mpango unaozitaka kuongeza huduma za kifafa kwa 50% ifikapo mwaka 2031, zikilinganishwa na hali ya mwaka 2021. Kwa muuguzi wa kliniki ya kifafa kazi hiyo inaanza na maswali ya kumuuliza kila anayechukua fenobabitoni: unatumia dawa gani nyingine, una pumu, umeanza dawa za kifua kikuu, unatumia njia gani ya uzazi wa mpango? Akijibu kuwa anatumia prednisoloni, dozi yake huenda ikahitaji kupandishwa. Au fenobabitoni hupunguzwa polepole kwa wiki nyingi huku ikiingizwa dawa isiyolichochea ini, kama levetirasetamu, pale inapopatikana na mgonjwa akaweza kuimudu.